Magunia Manane kabla ya Maka

Zuhula aliiandika hesabu ya Hija ya baba yake kwa kalamu ya buluu, nyuma ya daftari la shule la mtoto wake wa mwisho. Daftari jipya lingekula franga, na hakuna mtu aliyewahi kupokelewa Maka kwa uzuri wa daftari.

Msafara wenyewe, yaani tiketi ya kwenda Jedda na kurudi, hoteli, mabasi na hema la Mina: dola elfu nne mia nane na hamsini. Tiketi ilianzia Kigali, maana uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu siku mji ulipochukuliwa na waasi. Pasipoti pamoja na mtu wa kuisukuma: mia tatu. Chanjo na kadi yake ya njano: sitini. Kuvuka mpaka wa Gisenyi na gari mpaka Kigali: arobaini. Ihramu mbili, mkanda na kandambili za ngozi: arobaini na tano. Chakula na matumizi ya njiani: mia mbili. Mnyama wa kuchinja: mia moja thelathini. Na dola mia moja za kuacha nyumbani, kwa sababu dini haimruhusu mtu kwenda kuzunguka Kaaba huku nyuma chungu kimefunikwa mdomo chini.

Jumla dola elfu tano mia saba ishirini na tano. Walikuwa wamekusanya elfu tano mia saba na tisini. Zilibaki sitini na tano, na Zuhula alizipigia mstari mara mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye gradua, shahada ya kwanza ya chuo, ya uhasibu, na watoto watatu, na mume aliyekuwa Kindu, ambaye alituma pesa alipokumbuka. Alishika vitabu vya kwincaleri moja ya mjini, duka la misumari, mabati na rangi, na kwa miaka minne kila mwezi alikuwa ameweka kitu kwa ajili ya safari hii. Kaka zake wawili walichangia. Muzee mwenyewe, baba yao, aliuza injini ya lori lake lililokufa.

Pesa zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Benki zote za mji zilikuwa zimefunga milango, na watu wenye maelfu kwenye akaunti walikuwa wakikopa unga. Zuhula alikuwa ametoa zake mwezi wa kumi na mbili, wiki chache kabla ya mabomu kusikika Sake, karibu na Goma. Majirani walisema ana jicho la kuona mbele. Ukweli ni kwamba alichoka tu kukatwa ada ya kila mwezi.

Kwa Shehe Lukongo, kiongozi wa msafara, alikuwa ameshalipa arubuni ya elfu mbili. Pasipoti ilikuwa imetoka. Kwenye kopo zilibaki elfu tatu mia nne na tisini, na zilizobaki kulipa, elfu mbili mia nane na hamsini, zilitakiwa kabla ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa sita za mchana. Hakuna kilichokosekana.

Ndipo Ijumaa, baada ya swala, Muzee Kitoga akasimama msikitini na kuomba kipaza sauti.

Zuhula alikuwa upande wa wanawake, anatafuta viatu vyake. Alisikia sauti ya baba yake ikipasuka kwenye spika.

"Jamaa zangu. Miye Kitoga, wote munanijua. Mungu akipenda, mwaka huu ninakwenda Hija. Mutu wa kwenda kule anatakiwa aende mwepesi. Basi mutu yeyote ananidai, aje nyumbani. Kama nilimutukana, aje. Kama nilimupunja kwenye kilo, aje. Mumwambie na asiye hapa."

Wanawake wakasema amina. Zuhula akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Kwenye kilo?" alimuuliza njiani. "Papa, umeuza maharagi na chumvi Kiwanja miaka thelathini! Unajua ni kilo ngapi hizo?"

"Ndiyo maana nimetangaza."

"Ungeomba radhi kimya kimya."

"Kimya nitaombaje? Majina nimesahau. Nyuso ninakumbuka."

Desturi ilikuwa desturi, na kila aliyewahi kwenda Hija kutoka mtaa ule wa Murara alikuwa ametangaza hivyo hivyo. Zuhula alijua. Lakini wale wengine walitangaza wakati wa amani, wakati mtu wa Kiwanja yuko Kiwanja, mtu wa Rutshuru yuko Rutshuru, na kati yao na mdai kuna kilomita sabini za barabara mbaya. Sasa vita vilikuwa vimesomba watu wote wa kaskazini na kuwamwaga Goma. Walikaa kwa ndugu, kwenye madarasa, kwenye vibanda vilivyobaki baada ya kambi kuvunjwa. Wateja wote wa Muzee wa miaka thelathini walikuwa umbali wa motari, dereva wa bodaboda, wa franga elfu mbili.

Zuhula aliketi chini akatazama ukurasa wake. Alikuwa ameandika mpaka bei ya kandambili. Mstari wa madeni ya Muzee hakuuandika, kwa sababu hakuna siku aliyomuuliza.

Walianza kuja Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka.

Wa kwanza aliitwa Ndagijimana, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua siku ya jua. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa mara ya pili.

"Muzee, unakumbuka baiskeli yangu? Mwaka elfu mbili na sita. Ulisema unaiazima mpaka sokoni."

"Ninaikumbuka. Iliibiwa pale sokoni."

"Basi ni dola mia. Ilikuwa mupya."

"Mupya wapi? Haikuwa na breki!"

"Breki ilikuwa miguu, Muzee. Na miguu haikuwa ya kuuza."

Hata Zuhula alikaribia kucheka. Walimalizana kwa sitini. Alizihesabu kwa mdomo uliobana, akamwandikisha Ndagijimana jina na kumpigisha kidole gumba, kama mshahara wa kibarua.

Baada yake akaja mtu wa chumvi, thelathini. Akaja mjane wa sabuni, ishirini na tano. Akaja mwanamke mnene aliyesema kwamba Muzee alimtukana mama yake mbele ya watu, na kwamba anataka dola kumi.

"Tusi halina bei," Zuhula akamwambia. "Papa, muombe radhi aende."

Muzee akaomba radhi, mikono kifuani, kwa unyenyekevu mpaka yule mama akaona haya. Lakini alipofika mlangoni akakumbuka kwamba kilo nazo zilipungua, na Muzee akasema inawezekana, ule mzani ulikuwa na tabia yake. Kumi na tano.

Kufikia Jumapili jioni dola mia moja thelathini zilikuwa zimekwenda. Zile sitini na tano za ziada zilikwisha, na nyingine sitini na tano Zuhula alizikata kwenye chakula cha njiani. "Utakula tende," alimwambia baba yake. "Watu wamekula tende huko tangu zamani na hawakufa." Bado hesabu ilisimama. Ilisimama kwa mguu mmoja, lakini ilisimama.

Jumatatu akaja Nyirakamana.

Zuhula alimfungulia mlango akaona bibi mfupi mwenye kitenge kilichofifia na rozari shingoni, amebeba viatu mkononi ili visichakae kwa mawe ya volkano. Aliposema anatoka Kiwanja, Zuhula alishika daftari.

"Unamudai Muzee nini, mama?"

"Maharagi."

"Kilo ngapi?"

"Magunia munane. Ya kilo mia."

Zuhula akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu. "Magunia manane! Mama, hapa watu wanakuja na sabuni. Una karatasi?"

"Karatasi? Tulikimbia na watoto mugongoni. Karatasi ningeweka wapi, mudomoni?"

"Bila karatasi mimi siwezi..."

"Zuhula." Muzee alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amesimama kwa mgeni yeyote tangu Jumamosi. "Mwache aingie. Ni manane. Gunia moja lilikuwa limetoboka, nililishona miye mwenyewe kwa uzi wa nailoni."

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka elfu mbili na nane, vita vilipokaribia Kiwanja, majirani walileta mali zao dukani kwa Kitoga kwa sababu duka lake lilikuwa na mlango wa chuma. Nyirakamana alileta mavuno yake yote. Siku mji ulipowaka, Kitoga alikuwa na lori na Nyirakamana alikuwa na miguu. Kitoga aliyapakia yale magunia pamoja na ya kwake, akisema moyoni kwamba anayaokoa. Goma akayauza, akisema moyoni kwamba yasije yakaoza. Akasema atamtafuta mwenyewe ampe pesa. Kisha mwezi uliofuata ikaja barua ya chuo.

"Barua gani?" Zuhula akauliza.

"Yako. Minervali, karo ya mwaka wa kwanza. Walitaka yote mara moja."

Zuhula alikumbuka lile lori. Alikuwa na miaka kumi na tisa, juu kabisa, ameshikilia kamba, na njia nzima alikuwa amekalia magunia ya maharage. Aliyakalia kama mtu anayekalia mali ya baba yake.

"Na miaka yote hii hukumtafuta?"

"Nilimuona mara mbili sokoni," Muzee akasema. "Nilikata kona."

"Miye pia nilikuona," Nyirakamana akasema. "Nikasema, ule muzee ana haraka."

Hakuna aliyecheka. Zuhula akaomba apewe mpaka Jumatano, na Nyirakamana akakubali. Lakini Jumamosi, alisema, anapanda lori la kurudi Kiwanja, mvua za kupanda zimeanza na nyumba yake haina bati hata moja.

Bei ya gunia mjini wiki ile ilikuwa dola mia na kumi. Manane ni mia nane na themanini. Kopo lilikuwa na elfu tatu mia tatu sitini. Ukitoa, zinabaki elfu mbili mia nne themanini, na Shehe Lukongo anangojea elfu mbili mia nane na hamsini. Zuhula alirudia mara tatu, kwa kalamu, kwa kichwa, na kwa mashine ya kazini. Hesabu haina huruma na haina ndugu.

Jumanne aliomba ruhusa kazini akaenda mtaa wa Himbi, ambako Shehe alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye jengo la ofisi.

"Shehe, nipe wiki mbili."

"Mama Zuhula, ningekuwa na ndege yangu ningekupa mwaka. Alhamisi saa sita ninatuma majina na feza Kigali. Nina watu wanne wanangojea nafasi."

"Basi niambie dini inasemaje. Kuna mtu amejitokeza na deni kubwa la Muzee."

Shehe akavua miwani. "Deni la kuja kulipwa baadaye, au limeiva?"

"Limeiva mpaka limeoza."

"Basi linalipwa kwanza. Lakini mwenye kudai akikubali kwa moyo wake kungojea, Muzee aende salama. Umuombe. Wengi wanakubali, wanapenda kuombewa Maka."

"Huyu ni Mkatoliki, Shehe."

"Ah," akasema Shehe, akavaa miwani.

Jioni ile Zuhula alimkabili baba yake. Patroni wake, Edmond mwenye duka, angemkopesha mia tisa akiomba vizuri. Angekatwa mshahara mpaka mwisho wa mwaka, lakini ingewezekana.

"Niende Arafa na deni la Edmond?" Muzee akauliza.

"Deni litakuwa langu."

"Na Hija itakuwa ya nani?"

"Papa, una miaka sabini na tatu! Mwaka jana ulikuwa unapanda mpaka msikitini bila kupumzika. Mwaka huu unapumzika mara mbili. Mwaka kesho nani anajua barabara ya Kigali itakuwa imefunguliwa au imefungwa? Unafikiri vita vitakungojea umalize kuwa mtu mwema?"

Alijua kauli ile ilikuwa kali. Hakuirudisha. Muzee akatazama mikono yake.

"Ninataka kwenda kuliko weye unavyotaka niende," akasema. "Lakini nitasema nini kule? Nitasema, Bwana nimekuja, maharagi yako nyuma?"

Jumatano Nyirakamana akarudi saa ile ile, viatu mkononi vile vile. Zuhula alikuwa amempikia. Aliweka bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, mbele yake, akangoja ale, maana ombi juu ya tumbo tupu halifiki. Kisha akasema yote. Kwamba Muzee amezeeka. Kwamba atapewa nusu leo na nusu baada ya safari, kwa maandishi, mbele ya mkuu wa mtaa. Au asamehe sehemu, kwa ajili ya Mungu, ambaye ni mmoja.

Nyirakamana alinawa vidole taratibu.

"Kusamehe nilisha kumusamehea, mutoto yangu. Zamani. Padri aliniambia nisipomusamehea nitaugua, na kweli nilikuwa naugua. Nikamusamehea nikapona." Akajifuta na kitenge. "Lakini maharagi ni kitu kingine."

"Mama, ni safari ya maisha yake yote."

"Na miye ninakwenda wapi Jumamosi, arusini? Ninakwenda kulala chini ya turubai, na mbegu sina. Baada ya safari yake mvua itakuwa imekwisha. Nikifa je? Yeye akifa je kule, nitamudai nani, weye?"

"Ndiyo, mimi."

Nyirakamana akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri, kuanzia kilemba mpaka miguuni. "Weye ndiye ulikuwa juu ya lori," akasema. "Na suruali ya jinzi. Nilikupungia mukono musimame."

Zuhula hakukumbuka mkono wowote. Watu wengi walikuwa barabarani siku ile, na wengi walikuwa wanapunga. Alijaribu kuukumbuka mkono huo na hakuupata. Akaenda akashusha kopo.

Alihesabu mezani, Muzee akiwa amekaa pembeni. Nyirakamana alihesabu tena. Aliinua kila noti kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa kingo, akarudisha tatu.

"Hii imepasuka. Hii imeandikwa kalamu. Hii ni ya zamani, kichwa cha mutu ni kidogo, hawaikubali tena."

"Mimi mwenyewe nilipewa hizo, mama."

"Basi ulipewa vibaya."

Zuhula akabadilisha zote tatu bila kubisha, kwa kuwa angekuwa yeye angefanya vile vile. Nyirakamana akafunga pesa kwenye kitambaa, akakisokomeza kifuani. Muzee akasimama, akamwomba radhi kwa yale magunia, kwa lori na kwa kukata kona. Bibi akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tumemaliza, Kitoga," akasema. Akatoka. Alisahau kuaga watoto.

Alhamisi saa nne Zuhula alikuwa Himbi kudai arubuni. Shehe alisikitika kwa dhati, akaandika jina la mtu mwingine mahali pa Kitoga huku akisikitika, kisha akamhesabia elfu moja mia saba.

"Nilileta elfu mbili."

"Mia tatu ni gharama za ofisi, mama. Iko kwenye risiti, nyuma."

Ilikuwa nyuma kweli, kwa herufi za ukubwa wa siafu. Yeye, mhasibu, alikuwa ametia sahihi mbele bila kugeuza. Waligombana nusu saa. Alimwita mwizi, Shehe akasema amemsamehe, na hilo lilimkasirisha kuliko mia tatu zenyewe.

Alirudi kwa miguu ili asimlipe motari. Dola elfu nne mia moja na themanini: ndizo zilizobaki za miaka minne, na mwaka kesho bei ya msafara itakuwa imepanda, kwa kuwa haijawahi kushuka. Alifika nyumbani ameloa jasho. Muzee alikuwa amelala kwenye kiti cha barazani, mdomo wazi, usingizi wa mtoto aliyeshiba ziwa. Tangu jana yake alikuwa amekula vizuri na kulala vizuri. Zuhula ndiye aliyekuwa anakodoa macho.

"Papa. Amka."

"Hm? Umefika?"

"Nafasi imekwenda. Mwaka huu huendi."

Muzee aligeuza uso. Alitazama barabara, mahali ambapo wanawake walikuwa wanapita na bidoni za maji. Macho yake yalijaa, akayaacha yajae, hakuyafuta. "Basi," akasema mwishowe. "Mungu hakupenda."

"Mungu usimtie humo. Ni wewe na mimi na lile lori." Zuhula akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Sasa nisikilize vizuri. Mimi ninaanza kuweka tena. Kuanzia mshahara wa mwezi huu. Lakini sitaki mtu mwingine anibishie mlango na lori lake wiki moja kabla. Niambie ukweli. Duka lilikuwa na mlango wa chuma, na majirani walikuwa wengi. Nani mwingine alileta mali?"

"Wale wengine walichukua kabla ya..."

"Papa."

Muzee akasugua kidevu. Kuku wa jirani akapita, naye akamtazama yule kuku mpaka akatokomea.

"Kulikuwa na Viateur," akasema. "Fundi cherehani. Alileta cherehani mbili. Lakini nadhani alikufa."

"Alikufa au unadhani?"

"Alikufa. Nilisikia."

"Ana watoto?"

"Sita. Hapana, saba."

"Wako wapi?"

Muzee akaonyesha kwa kidevu, polepole, upande wa shule, ng'ambo ya barabara ile ile.

"Hapa Murara?"

"Yule mukubwa anashona pale kwenye kona. Ndiyo maana miye ninapitia njia ya chini."

Zuhula alifumba macho. Alitaka kupiga kelele, alitaka kulia, na sana sana alitaka kula, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu tumboni. Cherehani mbili. Za miguu au za mkono? Singa au za Kichina? Akafumbua macho.

"Vaa viatu," akasema. "Tunapitia njia ya juu."